Kidakuzi Hakitunzi Siri

Wanaohudhuria baraza letu la Jumatano wanaujua utaratibu. Mmoja wetu huleta kompyuta yake, tunaiunganisha na skrini kubwa ya darasani, tunafungua gazeti la nyumbani na kusoma habari moja kwa sauti, aya kwa aya, wenyeji wa lugha wakiwasaidia wanaojifunza. Chai huwa kwenye chupa. Mandazi yakipatikana ni bahati.

Jumatano moja ya muhula uliopita zamu ya kompyuta ilimwangukia dada mmoja wa mwaka wa tatu. Tulikuwa tunasoma habari ya bei ya karafuu Pemba. Tulipofika aya ya tatu, katikati ya maneno pakatokea kisanduku cha samawati chenye maandishi ya Kiingereza: kilitaka kujua kama ombi la visa la msomaji limekataliwa, na kama angependa kuzungumza na wakili leo hii. Mtu mmoja akacheka, akidhani ni mauzauza ya kawaida ya mtandao. Tukaendelea kusoma. Aya ya tano ikaleta ofisi nyingine ya mawakili, na pembeni mwa ukurasa ikajitokeza ya tatu. Dada yetu akaifunga kompyuta, akasema kichwa kinamuuma, akaondoka. Chumbani alikuwemo binamu yake.

Hakuwa amemwambia mtu. Si binamu, si mama yake kule Tanga. Ombi lake la kuongezewa muda wa visa lilikuwa limekataliwa wiki mbili kabla, naye alikuwa akitafuta wakili usiku, peke yake, chumbani mwake, kwa kompyuta hiyohiyo. Kufikia Ijumaa Tanga walikuwa wameshapiga simu. Ametupa ruhusa tuyaandike haya bila kumtaja jina, kwa sharti moja: tumweleze ni nani aliyemtoa. Makala hii ni jaribio letu la kumjibu.

Kwanza tulijihadhari tusisingizie. Gazeti la Afrika Mashariki linalosomwa Uingereza ni mahali ambapo wakili wa visa yeyote angependa kutangaza biashara yake, kwa hiyo huenda tangazo lile lingemtokea kila mtu. Jioni ileile watatu wetu tulifungua ukurasa uleule wa karafuu, kila mmoja kwa kompyuta yake. Wa kwanza aliletewa viatu vya kukimbilia, na kweli alikuwa ameviangalia juzi yake akaona bei haishikiki. Wa pili aliletewa vitanda, maana anahama. Wa tatu alitumia kivinjari kipya ambacho hakijawahi kufungua chochote, akapata tangazo la kampuni ya simu lisilo na habari naye. Mawakili hawakumtokea yeyote kati yetu. Huo si ushahidi wa kupeleka mahakamani, lakini ulitutosha.

Waingereza wanakiita kidude hiki biskuti. Waliotafsiri vivinjari kwa Kiswahili walikiita kidakuzi, na sisi tunaona walilenga shabaha kuliko Waingereza wenyewe. Kudakua ni kutoa siri. Mdakuzi ni yule usiyemwambia jambo ukitaka likae. Magazeti ya udaku sote tunayajua, hata wale wanaoapa kwamba hawayasomi. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akiona neno hili kwenye skrini anapata onyo ambalo msomaji wa Kiingereza, anayekaribishwa biskuti, hapati.

Lakini haki itendeke: kidakuzi hakikuzaliwa na umbea. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi kijana wa kampuni ya Netscape huko Marekani, alikuwa na tatizo la dukani. Wavuti ulivyoundwa haukuwa na kumbukumbu. Kila ukurasa uliouomba, seva ilikupa na papo hapo ikakusahau, kama muuza duka anayepoteza fahamu kila mteja anapogeuka kuangalia rafu nyingine. Ukiweka kitu kwenye kapu, ukifungua ukurasa wa pili, kapu ni tupu. Montulli akafanya kama wafanyavyo madobi. Ukipeleka nguo, dobi hana haja ya kujua ukoo wako. Anakupa kijikaratasi chenye namba, na ukirudi nacho anajua shati lipi ni lako. Seva ikakipa kivinjari chako namba, kivinjari kikaihifadhi, na kila ukirudi kikaionyesha. Ndiyo sababu ukiingia kwenye barua pepe yako huulizwi nywila kwa kila ujumbe. Na kulikuwa na sharti la busara: namba aliyoitoa dobi huyu, dobi wa mtaa wa pili haoneshwi.

Sharti hilo lipo hadi leo, halijavunjwa. Hapa ndipo wengi wetu tulipokuwa tumekosea. Tulidhani kwamba kuna mtu anayeiba vidakuzi vya tovuti moja na kuvipeleka nyingine, au kwamba gazeti lilichungulia ndani ya kompyuta ya dada yetu na kuona alikopita. Halikuchungulia. Gazeti lenyewe halikuwa na habari na visa yake.

Shida ni kwamba ukurasa mmoja wa wavuti si kitu kimoja. Unapofungua habari ya karafuu, maneno yanatoka kwenye seva ya gazeti, lakini picha huenda inatoka kwingine, video kwingine, na nafasi ya tangazo inajazwa na kampuni ambayo hujawahi kuisikia. Kivinjari chako kinakwenda kuomba vipande hivyo kimoja kimoja. Kila seva inayoombwa inaweza kukipa kivinjari namba yake, hata kama ilichotoa ni picha ya nukta moja isiyoonekana kwa macho. Hicho ndicho kidakuzi cha mtu wa tatu: kuna wewe, kuna gazeti, na yule mwingine hukujua hata kama yupo chumbani.

Mtu wa tatu akiwa kwenye ukurasa mmoja tu, hana madhara makubwa. Nguvu yake ni kuwa kila mahali. Tufikirie mji wetu wowote wa mwambao, nyumba zikiwa na baraza mbele. Kuna mgeni mmoja ambaye kila mwenye nyumba, kwa wakati wake na kwa sababu zake, amemlipisha kodi kidogo ili akae barazani. Anakaa kwa wakili. Anakaa kwa daktari. Anakaa kwa muuza viatu na kwa mchapa magazeti. Hakufuati njiani hata hatua moja. Anakuona tu ukiingia nyumba ya kwanza, anakupa kijikaratasi chenye namba. Ukifika nyumba ya pili unamkuta ameshakaa, unamwonyesha kijikaratasi chake mwenyewe, naye anaandika daftarini: namba hii, saa nne usiku, kwa wakili wa visa. Jina lako halijui wala halihitaji. Siku tatu baadaye unafungua habari za karafuu, namba ni ileile, na mgeni anajua cha kukuuzia.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa dada yetu ni hili: ofisi za mawakili alizozitembelea ndizo zilizomkaribisha mdakuzi barazani mwao. Tovuti ya wakili, ya watu waliokula kiapo cha kutunza siri za wateja, inaweza kuwa na vipande vya kampuni za matangazo, pengine kwa sababu fundi aliyeitengeneza aliviweka ili ofisi ijue wateja wanatoka wapi. Na mawakili si peke yao. Mwaka 2019 shirika la Privacy International lenye makao yake London lilichunguza kurasa 136 maarufu zinazohusu ugonjwa wa sonona katika Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Zaidi ya robo tatu ya kurasa hizo zilikuwa na vifuatiliaji vya watu wa tatu kwa shughuli za matangazo. Mtu ameamka usiku, anauliza kama huzuni yake ni ugonjwa, na barazani pamejaa.

Na mgeni huyo siku hizi hakai kimya. Wakati ukurasa wa karafuu unafunguka, kabla hujamaliza kusoma kichwa cha habari, nafasi ya tangazo inanadiwa. Taarifa inatumwa kwa makampuni mengi kwa mkupuo: kuna msomaji mwenye namba fulani, yuko mji fulani, anatumia simu ya aina fulani, anasoma ukurasa huu, nani anampa bei? Makampuni yameshalinganisha madaftari yao, namba yangu kwako ni ipi na yako kwangu ni ipi. Mshindi anaonyesha tangazo lake, na mnada mzima umekwisha kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Tulipoelezwa haya na mwenzetu anayesomea kompyuta, mmoja wetu aliuliza swali zuri: na walioshindwa? Walioshindwa nao wamesikia tangazo la mnada. Wameondoka bila bidhaa lakini wamejua. Ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza iliandika juu ya jambo hili Juni 2019, ikasema kwamba namna taarifa za watu zinavyosambazwa katika minada hiyo inatia wasiwasi kisheria, hasa zile za afya, dini na mambo mengine nyeti.

Si kwamba hakuna aliyeliona hili likija. Februari 1997 kilitolewa kiwango cha kiufundi cha vidakuzi, Montulli akiwa mmoja wa waandishi wake wawili, kikasema vivinjari visiruhusu mambo haya ya mtu wa tatu bila mtumiaji kutaka. Watengeneza vivinjari wakakipuuza. Biashara ilikuwa imeshaanza: kampuni ya DoubleClick ilikuwa tayari ikisambaza matangazo kwenye tovuti nyingi kwa mpigo. Miaka kumi baadaye, mwaka 2007, Google ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 3.1. Watu hawatoi fedha hizo kwa ajili ya picha za matangazo. Wananunua baraza.

Sasa kuna watu, hata humu chamani, wanaosema: na iwe hivyo, mimi sina cha kuficha, waniletee viatu. Tumelijadili hili zaidi ya mara moja na hatukukubaliana wote. Lakini tuliokaa ughaibuni siri zetu zina umbo lake. Mtu ana jambo la visa. Mtu amekopa na nyumbani wanadhani anatuma mshahara. Mtu ameacha masomo ya udaktari akaingia historia, baba hajui. Mtu anatafuta zahanati. Haya si mambo ya aibu, ni mambo ambayo mwenyewe anataka kuyasema kwa wakati wake na kwa maneno yake. Na tunaishi wengi kwenye nyumba moja, kompyuta moja wanaitumia ndugu wawili. Kidakuzi hakijui mtu, kinajua kivinjari. Dada akitafuta jambo usiku, asubuhi kaka anayefungua matokeo ya mpira ndiye anayeletewa jibu.

Mtasema, si tunaulizwa idhini? Tunaulizwa. Kanuni za Uingereza za mwaka 2003, zilizokazwa mwaka 2011, zinataka tovuti ipate ridhaa kabla ya kuweka kidakuzi cha matangazo. Oktoba 2019, katika kesi ya Planet49, kampuni ya bahati nasibu ya mtandaoni ya Ujerumani, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku ambacho kimeshatiwa alama kabla hujakigusa si ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa, CNIL, ilitangaza kuitoza Google faini ya euro milioni 150 na Facebook milioni 60 kwa sababu kukubali kulihitaji kubofya mara moja na kukataa kulihitaji safari. Mwishoni mwa 2023 Ofisi ya Kamishna hapa Uingereza nayo ikaziandikia baadhi ya tovuti kubwa kuzionya kwa kosa la namna hiyo, ikazipa siku 30 zijirekebishe.

Lakini sheria ikiingia mlangoni, ujanja unapitia dirishani. Kitufe cha kukubali ni kikubwa na cha kijani. Cha kukataa kimevaa rangi ya kijivu na kimeandikwa maneno yasiyofanana na kukataa. Siku hizi baadhi ya magazeti ya hapa yanakupa njia mbili tu: kubali kufuatiliwa au lipa kila mwezi. Sisi wanafunzi tunajua tutachagua ipi. Tuliwauliza wanachama siku ile nani amewahi kusoma maelezo yaliyo nyuma ya kitufe mpaka mwisho. Walicheka wote, akiwemo anayesomea sheria.

Nyumbani nako sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Hata hivyo baadhi ya kurasa za nyumbani tulizozifungua jioni ile hazikutuuliza lolote, na orodha ya seva za watu wa tatu zilizoitwa nyuma ya pazia tuliihesabu mpaka tukachoka. Hatuwalaumu waandishi wa kule, ambao hawajui nusu ya walioko barazani mwao. Nafasi ya tangazo inauzwa na dalali, dalali ana madalali wake.

Mwalimu wetu mmoja alitukumbusha kwamba gazeti tunalolisoma bure kila Jumatano kuna anayelilipia, na kwamba tukiyafukuza matangazo tutabaki bila karafuu za kusoma. Ni hoja nzito. Ila tangazo si lazima limjue msomaji. Linaweza kuujua ukurasa. Ubao wa muuza mbegu barabara ya shamba haumfuatilii mtu. Uholanzi walijaribu: Ster, chombo kinachouza matangazo ya utangazaji wa umma, kiliacha vidakuzi vya kufuatilia mwanzoni mwa 2020 kikatangaza kwa kuangalia mada ya ukurasa tu, na mapato ya miezi ya kwanza yakapanda kuliko ya mwaka uliotangulia. Tunaongeza kwamba wale wana watazamaji wengi na fedha za serikali nyuma yao. Gazeti dogo la mkoani halina uhakika huo, na mwalimu ana haki ya kuendelea kubisha.

Vivinjari vyenyewe vimegawanyika. Safari ya Apple ilianza kuwabana wafuatiliaji mwaka 2017, na Machi 2020 ikafunga kabisa vidakuzi vya mtu wa tatu. Firefox ilianza kuzuia vya wafuatiliaji wanaojulikana mwaka 2019 bila kusubiri mtumiaji aombe. Google, yenye Chrome, iliahidi Januari 2020 kwamba ndani ya miaka miwili itaviondoa. Ikaahirisha, ikaahirisha tena, huku mamlaka ya ushindani ya Uingereza ikiiangalia kwa jicho kali, maana makampuni mengine ya matangazo yalilalamika kwamba mwenye baraza kubwa anawafukuza wenzake ili abaki peke yake. Julai 2024 ikasema haitaviondoa. Aprili 2025 ikasema hata lile dirisha jipya la kumwuliza mtumiaji halitakuwepo. Kompyuta ya dada yetu ilikuwa na Chrome, katika mpangilio uleule ilionunuliwa nao.

Tulichofanya sisi si kikubwa. Kompyuta ya Jumatano sasa ni moja, ya chama, ina kivinjari chake ambacho hakuna anayeingilia akaunti yake. Kwenye kompyuta zetu wenyewe tuliingia katika mipangilio ya faragha, tukazima vidakuzi vya watu wa tatu. Ilituchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na kati ya tovuti tunazozitumia ni chache sana zilizolalamika. Anayetafuta jambo lake nyeti hufungua dirisha la faragha, ambalo likifungwa linasahau namba zote, ingawa halikufichi kwa mtandao wa chuo wala kwa tovuti uliyoiandikia jina lako. Na mwenzetu wa kompyuta ametuonya tusilewe ushindi: kuna kampuni zinazokutambua kwa ukubwa wa skrini yako, lugha yako na herufi ulizo nazo, bila kidakuzi chochote, na nyingine zinatumia anwani ya barua pepe unayoiacha kila dukani. Hilo tutaliandika yeye akipata nafasi baada ya mitihani.

Dada yetu tulimsomea rasimu ya makala haya kabla ya kuichapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wakili aliyempata hatimaye naye ana mgeni barazani. Tukaifungua tovuti yake pamoja. Alikuwa naye. Alitikisa kichwa, akasema kesi yake bado iko kwake na huyo wakili ni mzuri, atamwambia mwenyewe ana kwa ana, kwa Kiingereza cha heshima.

Jumatano iliyofuata alirudi barazani, na binamu yake alikuwa amemwekea kiti. Tulifungua ukurasa uleule wa karafuu kwa kompyuta ya chama, maana hatukuwahi kuimaliza ile habari. Katikati ya aya ya tatu likatokea tangazo la magodoro. Hakuna aliyejua godoro ni la nani. Tukaingia aya ya nne.